Kabla hujamwita muuzaji mwizi, hesabu prosesa

Jumatano usiku kijana mmoja wa Ipagala, hapa Dodoma, aliniandikia: "Kaka, nimeibiwa Kariakoo." Kanunua seva iliyotumika, yenye soketi mbili, yaani nafasi mbili za kufunga prosesa, ubongo wa mashine, na vipande vinane vya RAM vya GB 8. Ikiwaka inaona GB 32 tu. Kadi ya mtandao aliyochomeka haionekani kabisa. Nilicheka, halafu nikanyamaza, maana neno "nimeibiwa" nililitamka mimi mwenyewe mwaka 2019, tena kwa sauti.

Ilikuwa seva ya aina hiyo hiyo, ya prosesa za Intel Xeon E5, sloti 24 za RAM, 12 kila upande. Mteja nilishamwahidi GB 128. Nikagawa vipande vinane vya GB 16, vinne huku, vinne kule, vikapendeza machoni. Soketi ya pili ilikuwa na kifuniko cha plastiki; nikadhani ni kinga ya vumbi, na vumbi la Dodoma tunalijua. Ilipowaka ikaandika onyo, nikabonyeza kitufe nikapita. GB 64. Nikampigia muuzaji, nikamporomoshea maneno, na kesho yake nikapanda basi kwenda Dar na vile vinne "vibovu" mfukoni, safari ya kilomita zaidi ya 400.

Muuzaji, mzee wa watu, hakubishana. Alivichomeka kwenye mashine yake, vyote vikasoma. Akaniuliza taratibu, "Mwanangu, prosesa umeweka ngapi?"

"Moja, mzee."

"Sasa hivyo vya upande wa pili nani avisome?"

Mbele ya wateja wake! Nilitamani ardhi ipasuke.

Zamani prosesa za Intel kwenye seva zilipitia chipu ya pembeni kuifikia RAM. AMD, washindani wao, waliihamishia kazi hiyo ndani ya prosesa kwa Opteron yao ya 2003, na Intel wakafuata kwenye seva za soketi mbili mwaka 2009. Tangu hapo kila prosesa ina RAM yake na, kwenye mashine kama hizi zetu, sloti zake za kadi pia. Ikitaka kilichoko kwa mwenzake inaomba kupitia njia iliyo kati yao, na jibu linachelewa kidogo. Mwenzake asipokuwepo, nusu ya mazabodi, ule ubao mkuu wa mashine, ni pambo.

Nikanunua prosesa ya pili. Siku za kuisaka naziruka. Niliifunga barazani, Area C, mwezi wa nane, upepo unavuma. Pini za soketi hizi ziko kwenye mazabodi, si kwenye prosesa. Ikaniponyoka, ikatua kiubavu, pini mbili zikalala. Nikazinyanyua kwa sindano ya kushonea, tochi ya simu mdomoni, nimebana pumzi. Mashine iliwaka, lakini sloti moja ya RAM haikusoma tena. Mteja alishachoka, kazi akampa mwingine, ambaye mpaka leo tukikutana Jamatini ananiita "Injinia" huku anacheka.

Leo seva tatu mjini hapa nimezifunga mimi na hazijawahi kunirudisha usiku. Kwa hiyo nisikilizeni, nyie mnaoanza. Ndani ya mfuniko wa seva hubandikwa mchoro unaoonyesha sloti ipi ni ya prosesa ipi, na ipi inajazwa kwanza. Usomeni! Mnakimbilia kufungua video wakati jibu liko kwenye bati mliloliegemeza ukutani. Prosesa moja ya E5 kwenye mashine kama hizi ina njia nne za RAM, kila njia na sloti zake. Ipe kila njia kipande kimoja kabla ya kurundika. Prosesa zikiwa mbili, gawa RAM sawa. Kwenye Linux andika amri numactl --hardware: utaona kila upande una RAM kiasi gani, na umbali wa kuifikia: mara nyingi utakuta 10 kwa RAM ya karibu na 21 kwa ya ng'ambo. Upande mmoja ukisoma sifuri, usimtukane mtu. Na soketi usiifungue barazani. Na mchoro, narudia, usomeni.

Kijana nilimwambia ahamishie RAM zote na kadi upande wa kwanza. Jana GB 64 zimetimia na kadi imeonekana. Sasa anataka prosesa ya pili, nikamwomba jina kamili la hiyo aliyonayo, maana lazima zifanane. Badala ya kuandika amri lscpu akalisoma kwenye skrini, kang'oa prosesa, kanitumia picha: pesti tupu, ile ya kijivu ya kupitishia joto, imefunika jina, na nyuma yake soketi iko wazi, dirisha liko wazi.