Kima mla makaa, kaa afaye maji
Maswali ya wasomaji: wanyama na makaazi yao

*Assalaam alaykum. Nakaa Pete, karibu na msitu wa Jozani. Kima punju wanashuka mwembeni asubuhi, wanaingia jikoni na kuchukua makaa kwenye gunia. Wengine wanayatafuna pale pale mlangoni. Wana njaa au wanaumwa? Mwanangu anawaonea huruma, huwatupia ndizi mbivu. (Mama wa watoto wanne, Pete)*

Waalaykum salaam, bibie. Hawaumwi, na njaa yao si ya makaa. Wanajikinga na walichokula dakika chache kabla, huko juu mwembeni.

Kima punju ni mla majani. Tumbo lake lina vyumba vinne, na kile kikubwa cha mbele ni kama pipa la kuchachushia: bakteria wamo humo wanavunjavunja majani, kwa mtindo unaokaribiana na wa ng'ombe. Ndani ya msitu hudokoa majani machanga ya miti mbalimbali, hapa kidogo, pale kidogo, sumu ya mti mmoja isimzidie. Akija mashambani kwenu hukuta miembe na miti ya mkungu. Majani yake yana protini nzuri, lakini yana pia fenoli nyingi, kemikali ambazo mti umejiwekea ili usiliwe. Fenoli zinazuia chakula kusagika, na zikizidi zinadhuru.

Hapo ndipo makaa yanapofanya kazi. Kipande cha makaa kimejaa vijitundu visivyoonekana kwa macho. Fenoli hunata kwenye kuta za vijitundu hivyo na kutoka na kinyesi, ilhali protini inapita kwenda kumfaa mnyama. Miaka ya 1990 watafiti waliyapima makaa ya huko huko Jozani wakakuta kweli yananasa fenoli za majani ya mwembe na mkungu. Ni kanuni ile ile inayotumika hospitali mtu aliyemeza sumu akipewa makaa maalumu.

Siku moja mtazame mkono anapokula. Vidole ni vinne, virefu, vimejikunja kama ndoana ya kuangulia maembe. Dole gumba halipo, limebaki kama kinundu tu. Kwa kurukia matawi mkono huo ni mzuri kupita wetu, lakini kwa kushika kitu kidogo ni taabu, ndiyo maana kipande cha makaa hukibana baina ya vidole na kiganja.

Ndizi mbivu msimpe, hata nusu. Sukari ya ndizi huchacha upesi mno ndani ya lile pipa. Tindikali inapanda, bakteria wake wanakufa, gesi inajaa na tumbo linafura. Porini hula tunda bichi, akaliacha lililoiva. Wageni wanaona mkia wanafikiri ndizi, na huyu ni kima wa Unguja asiyepatikana kiasili pahala pengine popote duniani (wale wachache wa Ngezi, Pemba, walipelekwa 1974).

Gunia lifungwe na liwekwe ndani. Makaa mliyoyamwagia mafuta ya taa msiyaache nje, na majivu yenye moto ndani yafukiwe. Mtoto mwenye mafua akae mbali nao, maradhi yetu ya kifua huwashika kima pia. Na kabla hamjatuuliza kuhusu minazi: wanakula vidaka, ni kweli. Lakini utafiti wa miaka hiyo hiyo ya 1990 haukukuta mavuno yakipungua pale walipokula zaidi. Mnazi hutoa vidaka vingi kuliko unavyoweza kuvilea, na vingi vingeanguka wenyewe.

*Mimi nauza samaki sokoni. Mkono wangu ukikaa kwenye barafu dakika tano unakufa ganzi. Penguini anasimamaje juu ya barafu miezi miwili na asipoteze vidole? (Muuza samaki, Malindi)*

Swali la mtu anayeijua barafu kwa kiganja chake. Penguini unayemkusudia bila shaka ni yule ndege mkubwa kuliko wenziwe wote wa Antaktika, bara la barafu la kusini. Dume lake hulilea yai moja juu ya miguu yake kwa siku 64 hivi, kwenye baridi inayoweza kushuka chini ya nyuzi 40 chini ya sifuri.

Siri ipo kwenye mishipa ya damu. Mguuni mwake mshipa unaoteremsha damu ya moto umezungukwa na mishipa inayopandisha damu ya baridi. Fikiria watu wawili kwenye kichochoro chembamba cha Mji Mkongwe, mmoja anashuka, mwengine anapanda: hawapishani bila ya kugusana mabega. Damu inayoshuka inamgaia joto jirani yake anayepanda, kwa hiyo inafika kwenye kanyagio ikiwa imeshapoa, na ile inayorudi tumboni imeshapashwa. Unyayo hubaki juu kidogo tu ya kiwango cha kuganda. Ungekuwa wa moto kama kifua, joto la mwili lingemalizikia kwenye barafu. Damu ingezuiwa kabisa, nyama ingeganda. Misuli ya kuchezesha vidole nayo haipo mguuni chini, ipo juu ndani ya manyoya, na vidole huvutwa kwa kano tu, kama kamba za tanga.

Mkono wako wewe hauna mpango mzuri namna hiyo. Mwili ukiona baridi imezidi hubana mishipa ya vidole ili kifua kibaki na joto, na ganzi ndiyo dalili yake. Vaa glavu za kitambaa kavu ndani na za mpira nje. Za mpira peke yake hazisaidii sana. Na ukitoka kwenye barafu usiutie mkono ganzi kwenye maji ya moto sana, utaungua bila ya kuhisi. Maji ya vuguvugu yanatosha.

Wapo waliochagua njia nyengine, kuganda kabisa. Chura mmoja wa misitu ya Alaska hujifukia chini ya majani makavu, moyo unasimama, na karibu theluthi mbili ya maji ya mwili wake yanageuka barafu. Kabla ya hapo ini humwaga sukari kwa wingi kwenye damu. Anayeuza barafu za ukwaju anajua: yenye sukari nyingi inachelewa kuganda. Basi maji yaliyomo ndani ya chembe hai hayagandi, yanaganda yale ya nje yake tu, ambako barafu haipasui kitu. Jua la masika ya huko likirudi, anayeyuka na kuruka zake.

*Nundu ya ngamia ina maji kiasi gani? (Mwanafunzi wa skuli, Chake Chake)*

Haina hata kikombe. Ni shahamu tupu. Imekusanywa pahala pamoja mgongoni ili sehemu nyengine za mwili zisifunikwe na mafuta na ziweze kutoa joto. Maji ngamia huyaokoa kwa njia nyengine: mkojo mzito, kinyesi kikavu kinachoweza kuwashwa moto, na mwili unaoachwa upande joto mchana hadi karibu nyuzi 41 na kushuka usiku hadi 34 hivi, kwa hiyo hahitaji kutoka jasho mapema. Anaweza kupoteza robo ya uzito wake kwa ukosefu wa maji na akasimama, kisha akanywa lita 100 ndani ya robo saa. Chembe zake za damu ni za umbo la yai, zinavimba bila ya kupasuka. Wale waliozungusha vinu vya mafuta ya ufuta hapa mjini zamani walikuwa na mwili huo huo, ingawa Unguja mvua haina uhaba.

*Nilikuta kaa mkubwa wa nazi usiku, nikamtia kwenye ndoo ya maji ya bahari ili asife. Asubuhi nimekuta amekufa. Kosa langu nini? (Mvuvi, Mkoani)*

Ndoo, kaka. Kaa huyu akiwa mkubwa hufa maji. Mashavu yake ya kupumulia majini yamedhoofu, na pembeni mwa mwili ana vyumba vyenye nyama laini inayofyonza hewa. Vyumba hivyo vinataka unyevu, si kuzama. Ukimgeuza utaona jozi ya mwisho ya miguu, myembamba, imejificha. Huichovya kwenye maji na kujipangusia ndani ya vyumba vya pumzi, kama mtu anayelowesha kitambaa na kukibandika usoni.

Ajabu ni kwamba bila bahari hazaliwi. Jike huteremka ufukweni maji yakiwa makubwa, akayaachia mayai yake. Vitoto huelea wiki tatu au nne, kisha huingia ndani ya makombe ya konokono na kutambaa kuja juu. Huko ndiko wanakosahau kuogelea. Anakua taratibu, anaweza kuishi miaka zaidi ya 40 na kufikia kilo 4. Kila anapokua hulivua gamba: hujifukia shimoni kwa wiki kadhaa, mwili laini, na hulila gamba lake la zamani ili arudishe chokaa. Anayefukua shimo hilo anaweza kumuua hata kama hakumgusa.

Mara nyengine ukimkuta, mwache alipo. Ikiwa lazima umhamishe, mtie kwenye gunia lenye makumbi yaliyoloweshwa, kivulini, na umrudishe usiku huo huo pale ulipomtoa. Hapa kwetu hukutwa Chumbe na Misali, na wakiliwa visiwa hivyo, hakuna kundi jirani la kuwajazia upesi.

*Popo wakubwa wananilia maembe. Nimetandaza wavu wa samaki juu ya mwembe, wamenasa wawili na wakafa. Je, mchana wananing'inia juani vipi bila ya kuungua? (Mkulima, Wete)*

Tuanze na jua. Popo wa Pemba hatoki jasho. Joto likizidi hupepea mbawa zake polepole, moja moja, na hujilamba mbawa na kifua mate yakauke na kumpoza. Ukenda Kidike, pahala wanapolala kwa wingi huko Pemba, saa saba mchana utaona mti mzima unapepea. Mwili wao una mpaka: popo wa jamii hiyo huko Australia hufa kwa maelfu siku ambazo joto hupita nyuzi 42. Pemba upepo wa bahari unawaokoa, ila mti wa kulala ukikatwa, kivuli na upepo vimekwenda pamoja.

Kuhusu maembe, wavu wa samaki ndio uliokutia hasara. Matundu yake makubwa yananasa mbawa, na popo anayejinasua huchana wavu na matunda pia. Tumia wavu mweupe wa matundu ambayo kidole cha mtoto hakipiti, uukaze juu ya fito nne usigusane na majani. Mwembe mkubwa hauzibiki. Kwa huo, chuma maembe yaliyopevuka kabla hayajanukia, uyaivishie ndani. Popo anafuata harufu. Embe lililoumwa lifukie, usimpe mtoto. Popo akinasa, usimshike kwa mkono mtupu: mfunike kwa taulo nene, kata nyuzi kwa mkasi kuanzia kwenye kucha za mbawa, kisha mning'inize tawini. Akiachwa ardhini ni taabu kwake kuruka.