Mkuu, usipande Kawetire ukiitafuta hiyo 175

Ishia hapo hapo, mkuu. Umesema una miaka 45, umehamia Mbeya juzi kutoka Dar, umeuliza kuhusu kuendesha baiskeli kwa zoni (viwango vya mapigo ya moyo, kuanzia mazoezi mepesi hadi magumu) na saa ya kupimia. Kisha unasema umetoa umri kwenye 220 ukapata 175, kuwa ndiyo mapigo yako ya juu kabisa ya moyo kwa dakika, na Jumamosi utapanda barabara ya Chunya hadi Kawetire uifikishe hiyo 175 kwa lazima. Usithubutu.

Ile 220 ni makadirio ya jumla. Watu wa umri mmoja wanapishana kirahisi mapigo 10 au 12, juu au chini, na kwa wengi mapigo ya juu kabisa kwenye baiskeli ni pungufu kuliko ya kukimbia. Wewe unaweza kuwa wa 162 au wa 187.

Mimi ni wa chini. Kanuni ilinipa 180, na mwalimu mmoja wa jimu akanipangia kila kitu kwa namba hiyo: mazoezi mepesi mwisho 135. Moyo wangu nikinyonga baiskeli mpaka naona giza hauvuki 166. Yaani kwa uwiano uleule wepesi wangu ulipaswa kuishia 124 hivi, na mimi nikawa naishi kwenye 135 msimu mzima. Usingizi ukakata. Mapigo ya asubuhi, kabla sijatoka kitandani, yakapanda. Miguu ikawa inakufa hata kabla mlima haujaanza. Nikamweleza, akaniambia sijitumi, akaniongezea siku za mazoezi! Hili linanikera mpaka leo. Hajawahi kuutazama moyo wangu ukifanya kazi hata mara moja, halafu anapata wapi ujasiri wa kuniita mvivu?

Pima mwenyewe, juu ya baiskeli yako. Kwanza daktari aangalie presha na moyo, kwa umri wetu hilo haliruki mtu. Kisha tafuta mpando mrefu, mfano kutoka Igawilo kuelekea Isongole, utoke mapema kabla malori ya mpaka wa Kasumulu hayajajaa. Pasha misuli vizuri, halafu nyonga dakika 30 peke yako kwa nguvu yote unayoweza kuihimili mpaka mwisho. Wastani wa mapigo ya dakika 20 za mwisho ndiyo namba yako ya kupangia zoni; siyo mapigo ya juu kabisa, ni yale unayoweza kuyahimili kwa muda mrefu. Ikitoka 150, safari nyepesi zikae kati ya 122 na 133. Ukiona huwezi kumaliza sentensi bila kuhema, umezidisha, saa iseme inachosema.

Na usipime wiki hii. Huku ni mita 1,700 hivi. Mtu akitoka pwani mapigo yanakuwa juu kwa mwendo uleule mpaka mwili uzoee. Jipe wiki tatu za kunyonga taratibu.

Saa ya mkononi achana nayo, nunua mkanda wa kifuani. Mkono ukishikwa na baridi ya Juni, na usukani ukitikisika kwenye vumbi, saa inasoma vitu vya ajabu.

Ukishapima, weka hapa namba yako pamoja na mapigo ya asubuhi, tupange zoni zako upya.