Leso hizi, si "maleso haya"

Msomaji wa Nyalenda, Kisumu, anaeleza kwamba mwanawe aliandika kwenye insha, "Mama alijifunga leso." Mwalimu akaikata kwa kalamu nyekundu: leso ni ya kufutia jasho, kinachofungwa kiunoni ni kanga. Anauliza nani ana haki.

Mtoto ana haki, mama, na arudishiwe alama yake. Leso imetokana na Kireno, lenço, kitambaa cha mkono, na maana hiyo ndiyo iliyoshika Tanzania. Mombasa husimuliwa kwamba karne ya 19 wanawake walishona vitambaa hivyo pamoja wakapata nguo ya kujitanda, jina likahamia huko. Mkenya akisema leso, kanga ndiyo hiyo hiyo.

Kinachonikera mimi ni "maleso". Pita Kibuye siku ya soko: "Maleso ni pesa ngapi?" Redioni nako, "maleso ya kupendeza." Najua yanakotokea. Tunasema mashati, makoti, magauni, mashuka, na yote ni sawa, basi ulimi unaserereka. Lakini leso imekaa na kofia, kanzu na suruali: leso hii, leso hizi, leso yangu, leso zangu. Haihitaji ma- hata chembe! Na hao hao ndio wanaotuletea "masuruali".

Tena "maleso" yanatuulia neno zuri, doti. Leso hutoka kiwandani vipande viwili vikiwa vimeshikana, kila kimoja na pindo lake, mji, yaani pambo la katikati, na jina, yaani ule msemo, lililoandikwa chini ya mji. Unanunua, unakata, unapinda. Vipande hivyo viwili ndivyo doti moja. Sasa mtu akiagiza "maleso mawili", muuzaji ampe nini, doti moja au mbili? Nimeona mteja akifungiwa vipande viwili naye alitaka vinne, wakabaki kubishana bei mbele ya foleni nzima, na kila mmoja alikuwa na hoja. Doti ingelimaliza jambo hilo kwa pumzi moja.

Wanaoandika "lesso" kwa s mbili kwenye vibao vya maduka wafute moja, Kiswahili hakiihitaji.

Ukimtuma mtoto dukani, mwambie hivi: "Kaniletee doti moja ya leso, na usome jina lake kabla hujalipa."