Handaki la Maji Limechimbwa na Nani?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nipo kidato cha sita, Morogoro. Nimesoma kwamba molekuli za maji hupita kwenye "handaki" hata baridi ikiwa kali kupita kiasi. Darasani tumeambiwa baridi ikizidi molekuli hutulia. Handaki hilo lipo wapi, na nani kalichimba?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hakuna aliyechimba. Jina hilo lilinisumbua miaka yote niliyofundisha, maana kila darasa lilikuwa na mtoto anayechora mlima wenye tundu.

Ulichofundishwa ni sahihi: baridi huinyima molekuli nguvu ya kupanda kizuizi cha nishati, kile kinachoizuia kugeuka, na kushukia upande wa pili. Lakini atomu ya haidrojeni, kwa wepesi wake, ina tabia ya wimbi. Wimbi likifika kwenye kizuizi halikatiki ghafla. Hufifia humo ndani, na kizuizi kikiwa chembamba, sehemu yake hutokea ng'ambo. Basi haidrojeni hukutwa ng'ambo bila kupanda popote, na kupenya huko ndiko kunakoitwa kupita kwenye handaki. Weka haidrojeni nzito, deuteriamu, na kupenya huko hupungua sana.

Kisa ninachokipenda ni cha 2016. Watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Virginia na cha Cambridge, walichunguza molekuli sita za maji zilizoshikana kwa vifungo vya haidrojeni, yaani mvuto kati ya haidrojeni ya molekuli moja na oksijeni ya nyingine, katika baridi ya nyuzi chache tu juu ya sifuri kamili, yaani -273.15°C. Sita ni kidogo mno, ila ndipo fungu la maji linapoanza kuwa na umbo la kujaa badala ya kuwa pete bapa. Walilipima kwa mawimbi ya maikrowevu. Kama molekuli zingetulia, kila mzunguko wa fungu ungetoa mstari mmoja kwenye kipimo. Mistari ikaonekana imepasuka kuwa mistari iliyokaribiana sana, dalili kwamba kuna molekuli zinazopenya kizuizi. Kisha wakaweka oksijeni-18, iliyo nzito kidogo, mahali pa oksijeni ya kawaida, ili wajue ni molekuli zipi zinazocheza.

Zilikuwa mbili. Unaijua mashine ya kukamua miwa pale stendi ya Msamvu? Gia moja ikienda kulia, mwenzake lazima aende kushoto. Ndivyo molekuli hizo zinavyogeuka, na kwa mgeuko huo mmoja vifungo viwili huvunjika kwa pamoja. Zina mgeuko mwingine pia usiofuata mtindo wa gia. Huo huvunja kifungo kimoja tu.