Shangazi Anajibu: Mshahara wa Dar na nyumba ya Gungu

SWALI: Shangazi, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Gungu hapa Kigoma mjini. Mume wangu ni mtunza stoo. Kampuni moja ya Dar es Salaam imempa kazi kwenye ghala lao lililoko Barabara ya Nyerere, anatakiwa aanze tarehe 1 Julai. Hapa mshahara wake ni 700,000 kabla ya makato, kule wamemwahidi 1,200,000. Yeye anataka tufunge mizigo tuondoke wote mwezi huu huu. Dalali ameshamtumia picha za nyumba Ukonga, vyumba viwili na sebule, kodi 250,000 kwa mwezi na unalipa miezi sita kwa mpigo.

Nyumba ya hapa ni yetu, na vyumba vya uani anakaa mama mkwe. Mimi nauza mawese na dagaa soko la Mwanga. Mwezi mzuri sikosi faida ya 150,000, ila sasa ziwa limefungwa kwa uvuvi nimebaki na mawese tu. Mihogo na maharage tunavuna wenyewe, tuna shamba Mwandiga. Mtoto wa kwanza yuko darasa la saba, wa mwisho ana mwaka mmoja. Mume anasema pia tuuze nyumba tukanunue kiwanja Chanika. Nikimbishia ananiambia naogopa mjini. Majirani nao wananiambia nikimwacha aende peke yake nimempoteza. Nifanyeje? — Mama wa wanne, Gungu

JIBU: Marahaba mwanangu. Barua yako nimeipenda kwa sababu ina namba. Wengi huniandikia "Shangazi, maisha ya Dar ni magumu, tuhame au tusihame?" bila kusema mume anapata shilingi ngapi, kama vile mimi ni mpiga ramli. Wewe umeniletea hesabu, basi tuifanye.

Mumeo anaona nyongeza ya 500,000. Hiyo haipo. Mshahara wa 700,000 ukitoa asilimia 10 ya NSSF unabaki 630,000, na hapo TRA wanachukua 42,000. Mkononi anapata 588,000. Mshahara wa 1,200,000 ukitoa 120,000 ya NSSF unabaki 1,080,000. Sasa ameshavuka milioni moja, na kila shilingi iliyo juu ya milioni inakatwa asilimia 30. Kodi yake yote itakuwa 152,000, mkononi 928,000. Nyongeza halisi ni 340,000. Mwambie achukue karatasi ahesabu mwenyewe, maana mwanaume akihesabiwa na mkewe huwa hasikii.

Kwenye hiyo 340,000 toa kodi ya Ukonga, 250,000. Imebaki 90,000. Toa faida yako ya sokoni, 150,000, kwa sababu siku unapanda basi biashara ya Mwanga imekufa. Sasa mko chini kwa 60,000, na bado hamjala. Na kula ndiko kwenyewe. Leo unga wa muhogo unatoka shambani kwenu, maharage yanatoka shambani kwenu, mawese unachota kwenye dumu la biashara, dagaa unakopeshwa na wenzako sokoni. Mtoto mdogo anabaki na bibi yake bure, wakubwa nadhani wanakwenda shule kwa miguu. Vitu hivi havijawahi kuandikwa kwenye daftari lolote la nyumba yenu ndiyo maana mumeo havioni. Dar kila kimoja kina bei: unga, mboga, mkaa, msichana wa kukusaidia mtoto, nauli ya watoto kama shule iko mbali, na hata maji ya kunywa, kwani visima vingi vya mitaani vina chumvi, vinafaa kufulia tu.

Kwa hiyo kwa mshahara wake peke yake hamhamiki. Sijasema asiende! Kazi ni nzuri, na mtunza stoo wa Kigoma hapati ofa kama hiyo kila mwaka. Ninachosema ni kwamba kinachoamua familia ihame au isihame ni biashara yako wewe. Siku utakapokuwa na njia ya kupata 150,000 au zaidi ukiwa Dar, hameni. Kabla ya hapo yeye atangulie.

Na kutangulia kwake kuna sababu nyingine, ya kisheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, ile sehemu inayomlinda mfanyakazi asiachishwe kazi isivyo haki haimhusu aliyefanya kazi kwa mwajiri huyo chini ya miezi sita. Maana yake kuanzia Julai hadi Desemba bosi akiamka vibaya anaweza kumwambia asante kwaheri, na hana pa kushikia. Sasa piga picha ameachishwa Oktoba, wewe uko Ukonga na watoto wanne, nyumba ya Gungu mmeuza. Mimi nimekaa miji yote miwili, Dar na Kigoma, na nakwambia watu wa aina hiyo nimewaona wakiomba nauli kituo cha mabasi cha Mbezi Luis.

Kabla hajasaini, kuna jambo moja alishikilie kwa meno. Sheria hiyo hiyo inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi kwa maandishi, na mojawapo ya maelezo hayo ni mahali alikoajiriwa. Ahakikishe pameandikwa Kigoma. Wamempigia simu akiwa Kigoma na wamemchukua kutoka Kigoma, basi ndivyo isomeke. Kwa nini? Kwa sababu ajira ikikoma akiwa kituo kingine, mwajiri anawajibika kumsafirisha yeye na vitu vyake kurudi alikoajiriwa, au kumlipa gharama hiyo, pamoja na fedha ya kujikimu kwa siku anazosubiri. Wakiandika Dar es Salaam hatadai hata tiketi ya basi. Wengi wanasaini mstari huo bila kuusoma, macho yote yako kwenye mshahara. Aulizie pia kama kampuni inachangia gharama za kuhama. Kuuliza si utovu wa adabu.

Sasa huyu mtoto wa darasa la saba. Mtihani wa taifa ni Septemba na ameshasajiliwa hapo hapo shuleni kwake. Kumng'oa Juni ni kumtesa bure. Afanye mtihani wake akiwa kwa bibi yake, anakula ugali anaoujua. Akifaulu atapangiwa sekondari ya huko Kigoma, ndipo mwombe uhamisho wa kuja Dar. Uhamisho wa mkoa kwa mkoa unapita kwa maofisa elimu na unategemea nafasi kule anakokwenda, kwa hiyo baba yake akiwa kule aanze mapema kuzungukia shule za karibu na nyumba akiulizia nafasi. Hao wadogo wa msingi nao wasiondoke bila uhamisho kufanywa na mwalimu mkuu kwenye mfumo, na namba zao za PREM, yaani namba za mwanafunzi kwenye mfumo huo, uziandike mahali. Ukifika Dar na mtoto mkononi na daftari tu, utazungushwa.

Mumeo Julai apange chumba kimoja. Kimoja! Hiyo nyumba ya vyumba viwili na sebule kuingia kwake ni 1,500,000 ya miezi sita, na dalali naye atataka mwezi wake mmoja, 250,000. Hiyo ni 1,750,000 kabla hamjanunua hata ndoo. Chumba kimoja kwa mwanaume anayerudi usiku kulala kinatosha, na miezi hiyo sita atawajua wenye nyumba wenyewe badala ya picha za dalali. Mahali penyewe Ukonga sioni kasoro: iko njia moja na kazini, hapandi gari mbili. Watu wanakimbilia nyumba ya bei ndogo mbali kabisa, kisha tofauti yote wanamlipa konda.

Akitafuta ya familia aulize kwanza habari ya LUKU. Mita ya matumizi madogo, yale yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi, inalipiwa shilingi 100 kwa uniti kabla ya tozo na VAT. Mita ya kawaida ni 292. Nyumba yenye wapangaji wanne wanaochangia mita moja haiwezi kukaa chini ya 75, kwa hiyo ninyi mtakaowasha taa mbili na feni mtalipa bei ya mwenye friji na pasi. (Feni si anasa, mwanangu. Umezoea upepo wa ziwa, joto la Februari la Dar hulijui.) Aombe nyumba yenye mita yake. Na kodi ya jengo tangu 2021 inakatwa humo humo kwenye LUKU ingawa ni deni la mwenye nyumba, basi waelewane tangu mwanzo irudishwe kwenye kodi ya pango.

Kuuza nyumba ya Gungu: hapana. Hilo sitalizungusha. Mama mkwe anakaa humo, ni mzee, na hujaniambia kama kuna aliyemuuliza. Kiwanja cha Chanika ni ardhi tupu mbele ya Pugu ambayo haiwalazi usiku wala haiingizi shilingi, na mtu mgeni anayenunua kiwanja Dar kwa haraka ndiye matapeli wanayemngoja. Siku mkihama, nyumba kubwa ipangisheni, mama abaki uani kwake awe ndiye mwenye kupokea kodi. Hata mkipata 100,000, hiyo ni karibu nusu ya pango la Ukonga. Shamba la Mwandiga mpeni ndugu alime kwa makubaliano ya kugawana mavuno, na maharage yenu yaje na basi.

Nimebakiza biashara yako. Unauza dagaa wa Kigoma Kigoma, ambako kila mwanamke anao. Dar dagaa hao wana jina, watu wanawaulizia kwa jina, na wanalipa zaidi ya wanavyolipa dagaa wa kwingine. Mawese vile vile, Waha na Wamanyema wenzio wako kila kona ya jiji na hawajaacha kuyapenda. Wewe unawajua wavuvi wa Kibirizi, unajua dagaa aliyekaushwa vizuri na aliyechanganywa mchanga. Anayeuza Dar hajui, anauziwa tu. Kwa hiyo miezi hii mumeo akiwa peke yake, mtumie mzigo mdogo. Ziwa likifunguliwa kama kawaida katikati ya Agosti, tuma gunia moja la dagaa na madumu mawili ya mawese, yeye awape wanawake wawili watatu wa sokoni kule au wafanyakazi wenzake wanaolipa siku ya mshahara. Uone fedha inarudi kwa kasi gani. Chagua mapema pia mtu wa kukununulia huku ukishahama, awe mtu unayeweza kumgombeza. Sokoni Mwanga hayupo mmoja? Na uwe na jibu la kuishi miezi ziwa linapofungwa, maana Mei hadi Agosti Ukonga kodi haifungwi.

Kukopesha ndugu, usianze. Watakuja wengi kukusalimia wakijua una mawese.

Mkija kuhama Desemba, miezi yake sita ikiisha, mizigo usiipakie kwenye basi. Malori mengi yanayoshusha bidhaa Kigoma hurudi Dar matupu au na mzigo kiasi, na dereva wa kurudi hapangi bei ya kwendea. Makabati na vitanda vya mninga beba. Masofa makuukuu wape watu.

Majirani nao. Mwanaume anayetaka kupotea hupotea hata akiwa Gungu, tena mtaa wa pili. Mpigie simu, akutumie hela tarehe mnayokubaliana, Septemba baada ya mtihani nenda kamtembelee na huyo mdogo, ukaione Ukonga kwa macho yako. Na hilo la kuogopa mjini mjibu kwa kumwonyesha hizi hesabu.

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi ni muuguzi wa serikali hapa Tabora, naishi Cheyo. Mwenzangu anafanya kazi Arusha na nimeamua kuomba uhamisho nimfuate na watoto wetu wawili. Wenzangu kazini wanasema nitalipwa fedha ya uhamisho, nikope kwanza nilipie nyumba Arusha kisha nitarudisha. Ni kweli? — Muuguzi, Tabora

JIBU: Marahaba. Usikope. Serikali humlipa nauli, mizigo, posho ya kujikimu na ya usumbufu mtumishi inayemhamisha yenyewe kwa haja ya kazi. Anayeomba mwenyewe anahama kwa gharama zake, na kumfuata mwenza ni kuomba mwenyewe, hata kama sababu ni njema. Hao wanaokwambia utalipwa waulize kama barua zao ziliandikwa "kwa kuomba mwenyewe."

Ombi lipeleke kwenye ESS, ule mfumo wa mtandaoni wa watumishi wa serikali, uambatanishe cheti cha ndoa. Kitu kinachosaidia ni kupata muuguzi wa Arusha wa kada yako anayetaka kuja Tabora mbadilishane, maana mwajiri wako atakuachia haraka akiona pengo limezibwa. Wapo, hasa wenye wazazi huku. Usiachie nyumba ya Cheyo wala kumtoa mtoto shule mpaka kibali kiwe mkononi, si kwa maneno ya simu.

Arusha kodi ya karibu na mjini itakushtua ukitoka Tabora. Wewe lakini una nafuu kuliko mama wa Gungu: mwenzako yuko huko tayari na analipa pango lake, na mshahara wako unahama nawe bila kupungua, kwa hiyo mnaunganisha nyumba mbili kuwa moja. Hapo kuhama ni kupunguza gharama, hata mji ukiwa ghali. Beba asali ya kutosha, na watoto wanunulie masweta mapema kama mnafika Juni au Julai, watoto wa Tabora baridi ile hawaijui.