PCOS haiishi hedhi ikikoma
Je, PCOS (tatizo la homoni kwa wanawake linalovuruga hedhi na ovari, yaani viungo vinavyotoa mayai) huisha mtu akikoma hedhi? Hapana, kukoma hedhi hakuimalizi. Ovari hutulia, lakini usugu wa mwili kwa insulini (mwili kutoitikia vizuri homoni hiyo inayoshusha sukari) hubaki, na huo ndio unaoongeza hatari ya kisukari aina ya 2, shinikizo la damu na mafuta mabaya kwenye damu. Si kila mwenye PCOS atafika huko, ila hata wembamba wamo hatarini, kwa hiyo tafadhali msiwaambie "huna kitambi, usihofu". Mwongozo wa kimataifa wa PCOS wa 2023 unataka sukari ya damu ipimwe PCOS inapogunduliwa, kisha kila baada ya mwaka 1 hadi 3 kulingana na hatari aliyonayo mtu. Kipimo bora ni cha kunywa glukosi na kupimwa tena baada ya saa 2. Sukari ya kabla ya kula peke yake huweza kuonekana sawa wakati tatizo lipo.