Jibu: Kitufe cha kufungua Excel kutoka ukurasa wa mapokezi, Shela

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini kitufe kwenye ukurasa wenu wa ndani hakifungui daftari la wageni la Excel, ilhali umeandika njia kamili ya programu. Vivinjari vya leo haviruhusu ukurasa kuendesha faili la programu (.exe), kiungo cha file:/// huishia kulipakua au kukataliwa. Ile mbinu ya ActiveX, iliyowezesha ukurasa kuendesha programu, ilikuwa ya Internet Explorer, kivinjari cha zamani, usihangaike nayo.

Sajili itifaki yako mwenyewe katika Windows, yaani neno la mwanzo wa kiungo (kama http:) linaloiambia Windows ifungue programu gani. Fungua regedit (kihariri cha sajili ya mipangilio ya Windows), nenda HKEY_CURRENT_USER\Software\Classes, unda ufunguo (ni kama folda) uitwao daftari. Thamani yake ya msingi iwe URL:daftari. Ndani yake ongeza thamani ya maandishi iitwayo URL Protocol, uiache tupu. Hii ndiyo wengi huisahau, na bila hiyo kiungo hakifanyi kitu. Kisha ndani ya daftari unda ufunguo shell, ndani yake open, ndani yake command. Thamani ya msingi ya command ni njia ya EXCEL.EXE ikifuatwa na njia ya faili, kila moja ndani ya alama zake za kunukuu, maana "Program Files" ina nafasi katikati.

Kwenye ukurasa andika <a href="daftari:fungua">Wageni</a>. Kivinjari kitaomba ruhusa, kubali.

Tafadhali usiweke %1, alama inayopitisha kiungo kilichobofywa kwa programu, mwishoni mwa thamani ya command. Excel itapokea "daftari:fungua" kama jina la faili na kulalamika. Kubwa zaidi, tovuti yoyote inaweza kuiita itifaki hiyo, kwa hiyo usiipe mlango wa kupitisha maneno yake.